Ba Hakutubu

Kabla ya kutengwa, nyanya yangu alikuwa mtu wa kushika desturi kuliko mtu yeyote wa jumuiya yetu. Tulimwita Ba, neno la Kigujarati la kumwita mama, na upande wote wa soko la Machakos ulimwita hivyo hivyo bila kuuliza maana. Alitoka Gujarat akiwa bi harusi, akashuka melini Mombasa, akaletwa kwenye duka la vitambaa la babu yangu, na hapo juu ya duka akaishi mpaka alipokufa. Alijua nani anaruhusiwa kuingia jikoni na nani anaishia mlangoni. Mafundi wa cherehani waliokaa kwenye veranda ya duka letu aliwapa chai kila asubuhi, chai nzito ya maziwa na tangawizi, lakini aliwapa katika vikombe vya bati vilivyokaa peke yavyo kwenye dirisha la nyuma. Vikombe hivyo havikuingia jikoni hata kuoshwa. Vilioshewa kwenye mfereji wa uani.

Nayasema haya mapema kwa sababu wanaomsifu Ba siku hizi huyaruka. Mimi siyaruki. Alipofika hupimwa kwa alipotoka.

Kila Ijumaa jioni wanawake wetu walipanda ngazi wakaja kuimba nyimbo za ibada sebuleni kwetu. Walitandika shuka jeupe sakafuni, mmoja akapiga ngoma ndogo, wengine matoazi, na Ba akaongoza. Watakatifu waimbaji wa kwetu sisi Wahindu ni wengi, ila Ba alikuwa na wake mmoja tu, Mgujarati aliyeishi karne nyingi zilizopita. Habari zake nilizipata vipande vipande wakati tukichambua mchele, nami nilikuwa bado sekondari.

Mtakatifu huyo alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na kaka yake. Alichelewa kusema, na alipokua hakuwa na kazi aliyoiweza. Shemeji yake, mke wa kaka, alimsimanga kwa kila tonge. Siku moja simango lilimchoma, akatoka, akaenda msituni kwenye hekalu lililosahaulika, akakaa humo bila kula, akilia na kuomba, mpaka Mungu akamtokea na kumwonyesha Bwana mpiga filimbi, mungu tunayemwimbia, akicheza na watu wake mbalamwezini. Aliporudi nyumbani alikuwa anaimba. Mtu wa kwanza yeye kumwinamia na kumgusa miguu kwa shukrani alikuwa shemeji yake, maana bila ulimi ule asingeondoka.

Hapo Ba alikuwa akicheka peke yake. Yeye pia aliishi na shemeji.

Kisha alisimulia sehemu aliyoipenda kupita zote. Mtakatifu alikuwa wa tabaka la juu kabisa, wale ambao hata kivuli cha mtu duni kikiwaangukia wanakwenda kuoga. Watu wa mtaa wa chini, waliozoa taka na kuchuna ngozi, walimfuata wakamwomba aje aimbe kwao. Akaenda. Akaketi uani kwao, akaimba mpaka jua likachomoza. Watu wa tabaka lake walipomwona anarudi wakamcheka, wakamwuliza kama hana haya. Akawajibu kwamba yeye ndiye huyo wanayemsema, na kwamba anayebagua watu hana habari na Mungu. Wakamtenga. Alifundisha kwamba mtu wa Mungu hujulikana kwa jambo moja, kuumia mwenzake anapoumia na kumsaidia bila kujivuna. Kuoga na kufunga na kuhesabu shanga, alisema, ni kazi bure kama hilo halipo.

Ba aliliimba hilo kila Ijumaa kwa sauti inayotoka tumboni, na kila Jumamosi asubuhi akatoa vikombe vya bati.

Fundi mkuu wa veranda yetu alitoka Mwala, mashambani huko Ukambani. Alikuwa ameshona pale tangu kabla sijazaliwa, mtu mpole asiyeinua macho kwenye kitambaa. Mke wake tulimwita Mama Fundi. Huyo hakuwa mpole. Alikuja mjini siku za Ijumaa kuchukua vipande vya vitambaa vilivyobaki, aviunge kuwa mablanketi ya kuuza, na akimsubiri mumewe amalize kazi aliketi kwenye ngazi akisikiliza nyimbo. Mikono yake ilishika mdundo upesi. Aliniuliza maneno yana maana gani, nami nikamweleza, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka akayajua maisha yote ya mtakatifu.

Asubuhi moja alikuwa pale wakati wa chai. Ba alikuwa dirishani akimimina.

"Mama," Mama Fundi akasema, "nataka kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Huyu mtu wa Mungu unaimbanga. Nimesikia alikuwa anaingia kwa nyumba za watu wenye wanadharauliwa."

"Ndiyo. Naingia, naimba," Ba akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimepinda, "naingia" yake ilikuwa "anaingia", lakini alikitumia bila woga.

"Sasa akikuja hapa leo, apate tukikunywa chai, utampea na kikombe gani? Hii yetu ama ile yenu ya huko ndani?"

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Alimwambia mkewe kwa Kikamba anyamaze. Mama Fundi hakurudia swali wala hakuliondoa. Alisimama tu akingoja jibu, kikombe cha bati mkononi, uso umetulia kama mtu aliyeuliza saa. Ba alimtazama, kisha akafunga dirisha.

Ijumaa iliyofuata Ba alisema koo linamuuma, hakukuwa na ibada. Aliniagiza nimwambie Mama Fundi asikanyage tena ngazi zetu. Sikumwambia. Nilikaa na agizo lile kifuani nikisema moyoni kwamba kama Ba anataka limfikie, alipeleke mwenyewe. Kwa siku kadhaa alizunguka nyumba akigombana na masufuria. Baba, ambaye ni mwanawe na ndiye aliyeendesha duka baada ya babu kufa, alidhani ni mgonjwa.

Halafu asubuhi moja nikamwona anashuka na sinia. Juu yake kulikuwa na gilasi za nyumbani, zile zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Aliziweka kwenye meza ya kukatia vitambaa, akamimina chai, akampa Fundi, akawapa wengine, akavuta kigoda akaketi kati ya cherehani akanywa pamoja nao. Vikombe vya bati alikuwa ameshavitupa kwenye shimo la takataka. Hakuomba msamaha. Sidhani kama Ba alikuwa na neno hilo katika lugha yoyote. Alipomaliza chai alimwambia Fundi, "Ijumaa, bibi yako nakuja juu. Si ngazi. Juu."

Mama Fundi alikuja. Alivua viatu mlangoni, na Ba akapigapiga shuka jeupe kando yake. "Kalia hapa." Wanawake wawili walisimama, wakakusanya sari zao wakashuka bila kuaga. Wengine walibaki, nusu kwa adabu, nusu kwa udadisi. Ba akampa Mama Fundi matoazi. Niliona wazi kwamba hajawahi kuyashika, na niliona pia kwamba baada ya ubeti mmoja hakuna aliyeyapiga vizuri zaidi.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa kamati ya hekalu akaja kutuona. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, rafiki wa marehemu babu. Alizungumza kwa heshima.

"Ba, hakuna anayesema yule mama ni mbaya," alisema. "Asikilize, ni sawa. Lakini asikilize kutoka ngazini kama zamani, au akae pale chini verandani. Kila mtu na mahali pake."

"Veranda ni mahali pazuri?" Ba akauliza.

"Ni pazuri tu. Pana kivuli."

"Basi tutakaa huko sote."

Mwenyekiti alidhani ni mzaha. Baba alimjua mama yake, akaweka uso mikononi. Ijumaa iliyofuata Ba aliamuru cherehani zisogezwe, shuka likatandikwa verandani, na ibada ikafanywa mbele ya barabara, saa ambayo soko zima linapita. Baba alilalamika kwamba wateja watakimbia. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amani, na mtu wa amani mara nyingi hutaka anayeumia anyamaze.

Sisi tuliobaki tulikuwa wachache: Ba, mimi, Mama Fundi, na mjane mmoja mzee asiyesikia vizuri. Watu wakasimama kutazama. Wachuuzi wa maembe wakaweka vikapu chini. Msomali mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akinunua shuka kwetu, alisimamisha lori lake akamwuliza Fundi, "Hii ni harusi ama ni matanga?"

"Ni maombi," Fundi akasema.

Msomali akazima injini, akasubiri wimbo uishe ndipo akaondoka.

Mimi niliona aibu dakika za mwanzo. Wasichana wa shule yetu walipita wakicheka. Halafu nikamtazama Ba, macho amefumba, shingo imenyooka, akiimba kuelekea barabarani kama anayeidai kitu, na aibu ikageuka kuwa hasira, na hasira ikanifaa zaidi. Nilipaza sauti.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alirudi na wazee wawili, wakaketi sebuleni, wakasema uamuzi wao. Ba hatapika tena chakula cha sikukuu hekaluni. Hakuna mtu wa jumuiya atakayekula kutoka mkononi mwake. Mlango utafunguliwa siku atakapokubali kutakaswa na kuacha mambo ya verandani.

Ba aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia chumba chake cha sala akatoka na kibakuli cha sukari ya mawe, tunayowapa watu wanaotuletea habari njema. Akampa mwenyekiti kipande kiganjani.

"Chukua," alisema kwa Kigujarati. "Umeniletea cheo. Tangu nikiwa msichana naimba habari za mtu aliyetengwa, na sikuwahi kufikiri nitafanana naye hata kwa ukucha."

Mwenyekiti hakuweza kula, maana yeye mwenyewe alikuwa ametoka kupiga marufuku. Hakuweza kutupa pia, maana kilikuwa kimetoka mbele ya Mungu. Alishuka ngazi na kiganja kimefungwa.

Baada ya hapo mialiko ya harusi ilikoma. Posa zilizokuwa zimeanza kunijia nazo zilikoma. Shangazi alinipigia simu kutoka Nairobi kunionea huruma, nikamwambia ninakwenda chuo cha ualimu, kwa hiyo huruma yake aiweke.

Mwaka ule Mwala walikuwa wametoka kwenye kiangazi kirefu. Kikundi cha wanawake, Mama Fundi akiwamo, walikuwa wamejenga kizuizi cha mawe mtoni ili mchanga uhifadhi maji, na mvua ilipokuja mchanga ulijaa, maji yakapatikana. Waliamua kushukuru. Mama Fundi alikuja dukani, akasimama mbele ya Ba.

"Mtu wa Mungu aliitwa akaenda," alisema. "Mimi nakuita."

Ba alikuwa hajalala nje ya nyumba yake kwa miaka mingi, wala hajala chakula kilichopikwa na mkono usio wa tabaka lake. Akauliza tu, "Lini?"

Yule Msomali wa mbuzi alikuwa anakwenda soko la Mwala, akatupa nafasi. Ba alikaa mbele, sari imefungwa vizuri, miguu haifiki sakafuni. Njia nzima alimhoji yule bwana kuhusu bei ya mbuzi, mnyama asiyemla wala kumgusa, na alipata majibu kamili.

Tulipofika kwa Mama Fundi wanawake walikuwa wamekaa uani, sufuria mekoni. Pia alikuwapo katekista wa kanisa lao, kijana wa shati jeupe. Alipoelezwa kwamba mgeni ataimba, alisimama.

"Mama," alimwambia Mama Fundi, "hii ni boma ya Wakristo. Nyimbo ya miungu ya Wahindi haiwezi kuimbwa hapa. Padre akisikia, mtakosa komunyo."

Mama Fundi alikuwa akifuta mikono kwa leso. Alijibu polepole.

"Katekista, mimi nilibatizwa kabla mama yako aolewe. Huyu mama watu wake wamemfukuza kwa sababu niliketi na yeye. Kama kanisa itanifukuza kwa sababu nimeketi na yeye, basi tutakuwa wawili, na wawili si upweke."

Kisha aliingia nyumbani, akatoka na ngoma. Ilikuwa ndefu, ngozi imekauka, imefungwa kwa gunia. Wanawake wazee walipoiona walitoa sauti ndogo kooni. Baadaye nilielezwa kwamba ilikuwa ya mama yake, aliyekuwa mpigaji wa kilumi, ngoma ya wanawake wazee ya kuomba mvua na kuponya, ambayo kanisa lilikuwa limeikataza siku nyingi. Katekista aliitazama ngoma, akamtazama Ba, akaona hawezi kukemea vyote viwili kwa mara moja. Alichukua baiskeli yake akaenda.

Ngoma ikawekwa karibu na moto ngozi ivutike. Ba akaanza wimbo wake wa kuumia kwa maumivu ya mwenzako. Aliimba mstari wa kwanza peke yake, hewa imetulia, mbuzi wakilia mbali. Mama Fundi alisikiliza mstari wa pili, na wa tatu akaingia. Haukuwa mdundo wetu. Ulikuwa mzito, unavuta nyuma halafu unaruka, na nilidhani Ba atapotea. Badala yake alifungua macho, akaongeza mwendo, akaufuata. Wanawake wa Mwala waliinuka. Mabega yao yakaanza kutetemeka namna ya Wakamba. Ba, mjane mwenye magoti mabovu, aliinuka pia. Hakujua kutetemesha mabega. Alizunguka taratibu, mikono juu, kama wanavyozunguka kwetu siku za Bwana mpiga filimbi. Nilimwelewa mtakatifu siku hiyo, kwa nini hakuweza kurudi mtaani kwake na kujifanya hakwenda.

Chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi. Mama Fundi alihakikisha hapana nyama wala mafuta ya mnyama. Alimpa Ba sahani kwa mikono miwili. Ba aliipokea, akachota. Miaka yake yote ilikuwa imekusanyika pale kwenye tonge moja, mama yake, mama mkwe wake, kila mtu aliyemfundisha kwamba kufanya hivi ni kufa. Aliweka tonge mdomoni. Akatafuna sana.

"Chumvi kidogo," alisema.

Mama Fundi alicheka mpaka akakaa chini, akaenda kuleta chumvi.

Mama Fundi kweli alinyimwa komunyo kwa muda. Kila Jumapili alikwenda na kuketi benchi la mbele, na wenzake walipopanga foleni yeye alibaki ameketi, anamtazama padre. Walimrudishia bila yeye kuomba.

Ba hawakumrudisha. Kuna hadithi ya mwisho kuhusu mtakatifu, kwamba waliomtenga waliandaa karamu bila yeye, na walipoanza kula kila mmoja akamwona mtu duni ameketi kando yake, wakaogopa, wakaenda kumwita. Sikukuu moja tulisimama verandani tukisikia kengele ya hekalu letu, harufu ya samli ikifika mpaka dukani, nikamwuliza Ba kama wao pia wataona.

"Ule muujiza ulikuwa wa waliokuwa wakila," alisema. "Yeye alikuwa ameshashiba kwingine."

Alikufa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, asubuhi, baada ya kuoga. Kabla ya adhuhuri mwenyekiti alikuja, amezeeka, anatembea kwa mkongojo. Alilia kweli. Kisha akatueleza kwamba kuhani yuko tayari kuja. Kitakachohitajika ni sala fupi ya kumtakasa, matone ya maji, na familia iseme kwamba marehemu alijuta. Baada ya hapo jumuiya itambeba kwa heshima zote.

Baba alikuwa ameketi sakafuni karibu na mwili. Aliitikia kwa kichwa.

"Alijuta lini?" nikauliza.

"Mwanangu, si lazima awe alijuta yeye," mwenyekiti akasema. "Familia inatubu kwa niaba yake."

"Familia ya nyumba hii ni mimi na Baba. Mimi situbu."

"Mtamchoma bila kuhani?"

"Alikufa ametengwa, na atachomwa ametengwa. Alikipenda cheo hicho. Ulimpa wewe."

Nilimtazama Baba nikijua kwamba akisema neno la amani nitashindwa, maana yeye ndiye mwana. Alimtengeneza Ba sari begani. Hatimaye akasema bila kuinua kichwa, "Umemsikia binti yangu."

Tulimbeba wenyewe. Baba na mafundi walishika machela, mimi na Mama Fundi tukafuata, ingawa kwetu wanawake hubaki nyumbani. Hakuna aliyethubutu kutuambia turudi. Mahali pa kuchomea palikuwa na unyevu wa mvua, kuni zilisumbua. Baba alishika mwenge, akanyoosha mkono mwingine akanivuta, tukawasha kuni pamoja. Nilianza wimbo wake, sauti ikakatika ubeti wa pili. Mama Fundi aliuchukua, kisha mumewe, kisha mafundi wote. Walikuwa wameusikia miaka mingi verandani, wakauimba kwa Kigujarati chenye lafudhi ya Kikamba, na hakuna mahali walipokosa.

Sasa kamati ni ya watu wengine. Hivi majuzi walinijia shuleni ninapofundisha. Wanataka kutundika picha ya Ba hekaluni, na kusoma historia yake siku ya sikukuu, jinsi alivyopenda watu wote. Mmoja alipendekeza mambo ya kutengwa yaachwe, yasije yakafungua vidonda.

Niliwaambia picha wataipata siku Mama Fundi na wanawake wa Mwala watakapoketi mstari wa mbele, na siku atakaposimama mtu wa kamati aseme kwa sauti nani alimtenga Ba na kwa nini. Walisema watajadili. Bado wanajadili. Picha iko ukutani kwangu, na Ijumaa tunaimba.